Sona ya Wavuvi Kwenye Msako wa Mnyama wa Ziwani: Inachoona, Inachobuni na Ipi ya Kununua

Maziwa mengi makubwa yana mnyama wake. Loch Ness kule Scotland ina Nessie, Storsjön la Sweden lina joka lake, Okanagan la Kanada lina Ogopogo, Champlain lililo mpakani mwa Marekani na Kanada lina Champ, na pwani za Ziwa Victoria zimerithi habari za lukwata. Zamani msako ulikuwa wa mtu kukaa ukingoni na darubini. Siku hizi mwenye mashua ndogo anafunga sona ile ile wanayotumia wavuvi kutafutia samaki, anawasha, na jioni anarudi na picha ya skrini yenye doa jekundu refu.

Tathmini hii inaipima sona ya aina hiyo, yenye skrini ya inchi 5 hadi 9 na kichwa (sehemu inayotuma na kupokea sauti) kinachofungwa tezini, yaani nyuma ya mashua, kwa kazi ambayo haikutengenezewa: kutoa ushahidi ambao mtu asiyeamini anaweza kuukagua mwenyewe. Jibu langu ni kwamba kwa vitu vilivyolala sakafuni mwa ziwa inafanya kazi nzuri kupita bei yake. Kwa vinavyoogelea katikati ya maji inababaisha sana, na bila faili ghafi iliyohifadhiwa, yaani rekodi yenyewe ya miangwi, haina thamani yoyote kama ushahidi, hata kama doa lingekuwa na shingo na nundu tatu.

Skrini si picha

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo tukae kidogo. Sona hutuma mlio, husubiri mwangwi, kisha huchora mstari mmoja wa wima ukingoni mwa skrini. Mlio unaofuata huchora mstari mwingine, na wa kwanza husukumwa pembeni. Wima wa skrini ni kina, lakini ulalo wake ni muda. Mashua ikisimama na samaki mmoja akasimama chini yake, skrini itachora utepe mrefu usiokatika, na asiyejua ataapa ameona kitu cha mita kumi.

Kuna pia upana wa koni ya sauti, yaani jinsi sauti inavyotanuka ikishuka. Kichwa chenye koni ya nyuzi 20 kinamulika duara la kipenyo cha mita 35 kikifika kina cha mita 100, na mita 70 kwenye kina cha mita 200. Chochote kilichomo ndani ya duara hilo huchorwa kana kwamba kiko chini ya mashua hasa. Samaki wa nusu mita anayesimama kwenye kina cha mita 100 anaweza kuonekana tangu mashua inapoingia upande mmoja wa duara hadi inapotokea upande wa pili, akaacha alama ya mita 35. Alama hiyo ni upana wa koni, wala haisemi kitu kuhusu urefu wa samaki. Ukipandisha unyeti, yaani wepesi wa kifaa kusikia, koni inazidi kupanuka kwa sababu kifaa kinaanza kusikia hata miangwi hafifu ya pembezoni.

Rangi nayo ina mitego. Nyekundu maana yake ni mwangwi wenye nguvu, na nguvu hiyo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye kibofu cha hewa cha samaki kuliko kwenye nyama yake. Samoni mmoja aliyenona, au kundi la samaki wadogo lililosongamana, linaweza kung'aa kuliko gogo kubwa lililolowa maji. Katika Ziwa Victoria, sangara hufika mita 2 na kamongo naye hufika hapo, tena kamongo ana mapafu yenye hewa. Mwangwi wa samaki kama hao ni mkali sana na hauhitaji lukwata kuuelezea.

Zile alama za samaki, yaani vijisamaki vya kuchora vinavyotokea vyenyewe, zizime siku ya kwanza na usiziwashe tena. Programu inaona mwangwi wenye umbo fulani, inauita samaki, inaupa ukubwa. Huo ni ukisiaji.

Kufunga na kuseti

Kichwa kifungwe tezini, angalau sentimita 38 kutoka kwenye rafadha, mahali ambapo maji hupita laini bila mapovu. Kwenye mashua ya faiba kishuke milimita 3 chini ya usawa wa bodi, na kwenye ya alumini milimita 10. Kikiwa juu zaidi kinameza mapovu, na skrini inajaa mawingu kila mashua ikiongeza mwendo. Hakikisha uso wake uko sawasawa na maji mashua ikiwa imepakia watu. Kikiinama nyuzi 5 tu, kwenye kina cha mita 200 kitovu cha koni kinakuwa mita 17 pembeni ya ulipo.

Umeme uutoe kwenye betri yake yenyewe ya volti 12. Ukiunga kwenye betri ya injini, kelele za umeme huingia kwenye sona na kuchora vitone na mistari ya mshazari. Betri ya Ah 7 (ampea-saa 7) inatosha nusu siku kwa kifaa kinachokula chini ya ampea 1. Fyuzi usiiruke.

Kisha menyu. Unyeti uwe wa mkono, si otomatiki, kwa sababu otomatiki hubadilika njiani bila kukuambia na huwezi tena kulinganisha mwangwi wa asubuhi na wa mchana. Pandisha hadi skrini ianze kuchafuka, halafu rudisha hatua mbili. Vichujio vya kelele viwe chini kabisa au vimezimwa. Kina cha skrini nacho ukiweke mwenyewe, na kiwe kikubwa kuliko kina halisi cha ziwa. Sababu inaeleweka kwa mfano.

Sehemu ya ndani kabisa ya Loch Ness ina karibu mita 230. Mlio hutumia kama sekunde 0.32 kushuka na kurudi. Sasa mtu ameseti skrini mita 100 ili aone vizuri maji ya juu, na kifaa kinatuma mlio mpya kila baada ya muda ambao sauti hushuka mita 100 na kurudi. Mwangwi wa sakafu unarudi baada ya milio mingine miwili kuwa imeshatoka, na kifaa kinadhani ni mwangwi wa mlio wa mwisho. Kinauchora kwenye mita 30, kwa sababu 230 ukitoa 200 inabaki 30. Hapo kitu kikubwa, kizito, kinaelea mita 30 chini ya mashua, kinakwenda inakokwenda. Watengenezaji huweka pengo kati ya milio kupunguza tatizo hili, lakini haliishi. Dawa yake ni moja: badilisha kina cha skrini. Kitu cha kweli hubaki kwenye kina kile kile, mzimu huruka.

Ndiyo maana taarifa za kitu kinachoandamana na mashua zinahitaji tahadhari ya kwanza. Desemba 1954 mashua ya uvuvi Rival III ilirekodi Loch Ness kitu kwenye kina cha mita 146 kilichokwenda nayo sambamba kwa mita 800. Leo swali la kwanza lingekuwa: je, kilibadilika kina kiliposetiwa upya?

Kasi ya sauti nayo irekebishwe. Kwenye maji baridi ya nyuzi 5 za Selsiasi sauti husafiri karibu mita 1,426 kwa sekunde, na kwenye nyuzi 20 karibu 1,482. Kifaa kilichosetiwa 1,500 kitakuonyesha sakafu ya mita 230 kana kwamba iko kwenye mita 242.

Jaribio la gololi

Kabla ya kusaka chochote, ipime sona kwa kitu unachokijua. Wataalamu wa uvuvi hutumia mpira wa tungsteni kabaidi wa kipenyo cha milimita 38.1. Gololi ya chuma ya ukubwa huo huo inakutosha. Ining'inize kwa mshipi mwembamba mita 10, kisha 20, kisha 30 chini ya kichwa, mashua ikiwa imetia nanga, na uandike rangi na unene wa alama kila mara. Utagundua mambo mawili: kipande cha chuma kinachokaa kiganjani kinachora utepe mnene, na kikisogea mita chache pembeni kinafifia. Wengine hutumia chupa ya plastiki yenye hewa, na hapo wanajidanganya. Kwenye mita 10 shinikizo huwa mara mbili ya la juu ya maji, chupa inabonyea, hewa yake inabaki nusu, na mwangwi unabadilika kwa kila kina.

BBC ilipofanya msako wake Loch Ness mwaka 2003 kwa miali 600 ya sona, ililijaribu zoezi kwa boya dogo na likaonekana. Mnyama mkubwa hakuonekana. Jaribio la boya ndilo linaloipa nguvu kauli hiyo, kwa kuwa sona ambayo haijathibitishwa kuwa inaona haiwezi kutoa ushahidi wa kutokuwepo.

Mizimu mingine utakayokutana nayo

Kingo zenye mteremko mkali ndizo mbaya zaidi, na Loch Ness imejaa hizo. Sauti ya pembezoni mwa koni inagonga ukuta wa mwamba, inarudi kabla ya mwangwi wa sakafu, na inachorwa kama kitu kinachoelea katikati ya maji. Sogea mita 100 kuelekea katikati ya ziwa. Kikiyeyuka polepole, ulikuwa ukuta.

Njia ya chombo kilichopita huacha vipovu vidogo vinavyokaa majini kwa dakika kadhaa, na sona huviona kama wingu nene lenye urefu wa mita nyingi. Yako mwenyewe pia: ukigeuza mashua kurudia ulipopita, unapima mapovu yako. Subiri robo saa.

Tabaka la mpito wa joto, pale maji ya juu yenye uvuguvugu yanapokutana na ya chini yaliyo baridi, huchora mstari hafifu unaopanda na kushuka. Chini ya upepo wa muda mrefu tabaka hili huinama, na upepo ukikoma huyumba ziwa zima. Viumbe wadogo na uchafu hujikusanya hapo. Kwenye maziwa ya Afrika Mashariki kuna jambo la ziada. Mabuu ya nzi wa ziwani yana vifuko vya hewa na usiku hupanda kwa mamilioni kutoka chini. Skrini huonyesha sakafu ya uongo inayoinuka, na anayeanza huamini kifaa kimeharibika au kitu kikubwa mno kinapanda.

Mashua mbili zenye sona za masafa yale yale (idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde) zikikaribiana husikilizana, na matokeo yake ni mistari ya mshazari iliyonyooka. Zima utumaji wa mlio wako huku skrini ikiendelea kusoma. Alama zikibaki, hazikuwa mwangwi wako.

Masafa na wati

Masafa ya 200 kHz (kilohertzi) yanatoa mlio wenye urefu wa wimbi wa milimita 7 hivi, hivyo yanaona vitu vidogo na kuvitenganisha vizuri, ila huchoka mapema majini. 50 hadi 83 kHz hushuka mbali zaidi lakini koni yake ni pana na picha ni nzito. Ukinunua kifaa chenye teknolojia ya CHIRP, ambacho kila mlio wake unafagia masafa mengi badala ya moja, kutenganisha vitu vilivyokaribiana kunakuwa bora, na kwa kazi hii tofauti inaonekana. Kwenye Ziwa Victoria, ambalo kina chake cha juu ni mita 80 hivi, 200 kHz inatosha kabisa.

Angalia wati kwa makini. Matangazo hupenda wati za kilele hadi kilele, ambazo ni mara 8 ya wati halisi za RMS, yaani za wastani. Boksi lililoandikwa 4,000 lina wati 500. Linganisha RMS kwa RMS.

Sona ya pembeni, sehemu yenye thamani zaidi

Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja cha ziada, kiwe hiki. Miali yake ni myembamba kama karatasi na hutazama kushoto na kulia, kwa kawaida kwa 455 au 800 kHz. Kwa mwendo wa pole, kilomita 5 hadi 7 kwa saa, na kwa mstari ulionyooka, 455 kHz huchora sakafu kwa umbali wa mita 40 hadi 60 kila upande vizuri tu. Ukikata kona picha inapindika, upande wa ndani ukirudia kitu kimoja mara mbili, na hapo ndipo hutokea shingo ndefu.

Uzuri wake ni kivuli. Kitu kilichoinuka kutoka sakafuni huzuia sauti na kuacha eneo jeusi nyuma yake, na kivuli hicho hukupa urefu wa kitu kwa hesabu. Zidisha kimo cha kichwa cha sona juu ya sakafu kwa urefu wa kivuli, kisha gawanya kwa umbali kutoka kwenye kichwa hadi mwisho wa kivuli. Kichwa kikiwa mita 20 juu ya sakafu, kivuli mita 5, na mwisho wa kivuli mita 50, kitu kimeinuka mita 2. Ni kipimo ambacho mtu mwingine anaweza kukirudia kutoka kwenye faili lako.

Historia ya Loch Ness yenyewe inaonyesha nguvu ya njia hii. Mwaka 1976 sona ya pembeni iliyotumiwa kusaka mnyama ilikuta mabaki ya ndege ya kivita aina ya Wellington, nayo ikaopolewa 1985. Mwaka 2016 chombo kinachojiendesha chini ya maji kilionyesha umbo la mita 9 hivi lenye shingo. Lilikuwa sanamu la filamu lililozama karibu nusu karne kabla. Vyombo hivyo ni ghali kuliko vya wavuvi, lakini kanuni ni hiyo hiyo.

Ilinganishe na Operesheni Deepscan ya Oktoba 1987, iliyoongozwa na mtafiti wa Loch Ness Adrian Shine. Mashua 24 zenye sona zilipangwa kukata upana wa ziwa na kulifagia. Zilipatikana alama chache zisizoelezeka, mojawapo karibu na ghuba ya Urquhart kwenye kina cha mita 180. Ziliishia hapo hapo, alama zisizoelezeka, kwa kuwa sona ya kutazama chini tu haikuwa na namna ya kuzipa umbo.

Faili ghafi au hakuna

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji: kifaa hiki kinarekodi data yenyewe ya sona kwenye kadi, au kinapiga picha ya skrini tu? Modeli nyingi za bei ya chini hazina hata tundu la kadi. Kinachotakiwa ni faili za watengenezaji wa sona, kama .sl2 na .sl3 za Lowrance, .RSD za Garmin au .DAT na .SON za Humminbird, ambazo hubeba kila mlio pamoja na saa na mahali pa GPS. Mwingine akizifungua anaweza kubadili unyeti, kupima upya, na kuona kilichotokea dakika kumi kabla na baada. Picha ya simu ya skrini haina hata kimoja cha hivyo. Picha mashuhuri ya Champ ya mwaka 1977 ilikwama mahali hapo hapo: negativu haipo na mahali ilipopigwa hapajulikani, kwa hiyo hakuna wa kupima ukubwa wala umbali.

Rekodi siku nzima, si pale unapoona jambo tu. Na siku nzima isiyo na kitu itunze vilevile.

Ukipata mwangwi wa ajabu, usiongeze mwendo. Weka alama ya GPS, badilisha kina cha skrini, badilisha masafa, kisha zunguka kwa mbali upite tena kwa njia inayokata ya kwanza kwa pembe mraba. Mwangwi uliovuka majaribio haya yote ndio unaostahili hatua inayofuata, ambayo ni kuchota maji.

Kikamilishi: kuchota DNA

Maabara nyingi sasa hupima DNA ambayo viumbe huacha majini kupitia ngozi, kamasi na kinyesi. Vaa glavu mpya kwa kila chupa, chota lita 1 hadi 2, pitisha kwenye kichujio chenye vitundu vya mikromita 0.45, kihifadhi kwenye barafu au dawa inayokuja na seti ya vifaa, na kila siku chuja pia chupa moja ya maji safi ya kiwandani. Chupa hiyo ikitoa DNA ya samaki, sampuli zote za siku hiyo zimechafuliwa. Timu ya Neil Gemmell wa Chuo Kikuu cha Otago ilichota sampuli 250 Loch Ness mwaka 2018. Mwaka 2019 ilitangaza kuwa haikukuta DNA ya reptilia, na kwamba ya mikunga ilikuwa tele kila mahali. Kipimo hakiwezi kusema mkunga ana urefu gani, na hilo liwekwe wazi kwa kila anayeagiza huduma hii.

Hidrofoni (maikrofoni za chini ya maji) na kamera za kuzamisha ziache kwa sasa. Maji ya Loch Ness yamejaa chembe za mboji na kamera haioni zaidi ya mita chache, na sauti isiyoambatana na rekodi ya sona haina mahali pa kuishika.

Nani anunue, nani asinunue

Kwa ziwa lenye kina chini ya mita 100, chukua CHIRP ya 200 kHz yenye sona ya pembeni ya 455 kHz na tundu la kadi, wati 300 hadi 500 za RMS. Hiyo ni seti kamili. Kwa Loch Ness ongeza kichwa cha 50 au 83 kHz na uvumilie koni yake pana.

Kwa Tanganyika na Nyasa usivutwe na vichwa vya wati 1,000 vinavyoahidi kina kikubwa. Tanganyika lina mita 1,470 na Nyasa karibu 700, lakini oksijeni huisha mapema sana: mita 100 hadi 250 hivi katika Tanganyika kutegemea sehemu, na karibu 250 katika Nyasa. Samaki hawezi kuishi chini ya hapo. Mwangwi wa katikati ya maji kwenye mita 400 utafute sababu yake kwenye mapovu ya gesi, ukuta wa mwamba au mlio uliotangulia, na fedha ya kichwa kikubwa uitumie kununua kadi za kumbukumbu na vichujio vya DNA.